Dakika Thelathini na Mbili

Wimbo ulikuwa wa dakika tisa. Faili lilikuwa la dakika arobaini na moja.

Saliha aliisoma namba hiyo mara tatu, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaisoma tena. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi. Umeme ulikuwa umerudi Buyenzi tangu alfajiri, naye alikuwa ameifungua kompyuta kwa kazi ndogo tu ya kufuta vitu vya zamani ili apate nafasi ya harusi ya Jumamosi. Nyimbo saba alizozigeuza wiki ile zilikuwa zimejipanga vizuri, kila moja na uzito wake mdogo. Hii ya nane ilizishinda zote kwa uzito, tena si kwa kidogo.

Akaifungua. Akamwona mama mkwe wake, Bibi Sikuzani, amekaa mkekani na mabibi wenzake sita, dufu mapajani, wanaimba ule wimbo wa kumuaga bibi harusi ambao siku hizi Buyenzi nzima wanaoujua hawajazi hata mkeka mmoja. Dakika tisa zikapita. Wimbo ukaisha, mabibi wakapiga vigelegele, na hapo ndipo picha ilipotakiwa kukatika. Haikukatika. Kamera, ambayo aliishika yeye mwenyewe, iligeuka taratibu kuelekea katikati ya sebule, na Waridi akaingia uwanjani.

Waridi, mke wa Tajudini, fundi wa magiaboksi. Kichwa wazi, nywele zimesukwa upya, gauni la mikono mifupi, kanga imefungwa nyongani, anacheka mpaka magego yanaonekana. Nyuma yake Zubeda, bibi harusi mwenyewe, na wengine tisa. Wanawake kumi na mmoja, wake za watu na mabinti za watu, wanacheza namna wanawake wanavyocheza milango ikiwa imefungwa.

"Ya Rabi," Saliha alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Mtu asiyekaa Buyenzi anaweza kuuliza: picha za wanawake wanacheza, kuna nini hapo? Basi na ajue. Kwenye sherehe ya wanawake, shangazi wa bibi harusi hukaa mlangoni na beseni, na kila anayeingia hutia simu yake humo, hata awe mke wa nani. Kamera inayoingia ni moja tu, ya Saliha. Akimaliza, anatengeneza diski moja, anaipeleka kwa mkono wake hadi kwa mama wa bibi harusi. Yaliyobaki kwenye kompyuta yake yalikuwa ya aina ya kizamani ambayo hakuna simu iliyokubali kuyafungua, na wanawake walilijua hilo na walilipenda. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ya mtaa ule kwa miaka sita alikuwa Saliha.

Ofisi moja ya Kinindo, inayokusanya nyimbo za zamani za mitaa, ndiyo iliyotaka aina nyingine. Walitaka kila wimbo ugeuzwe uwe kwenye webm, aina iliyo huru, isiyo na mwenyewe, ambayo simu ya mtu yeyote popote inaifungua bila kununua programu. Bibi Sikuzani alizunguka nyumba kumi na moja kuomba ruhusa. "Wataonekana mabibi tu," alisema kila mlango. "Nyinyi wadogo hata ukucha hautaonekana. Mi naapa."

Na Saliha aliukata vizuri, hilo alikuwa na hakika nalo. Siku ya Jumanne aliweka alama ya mwanzo na alama ya mwisho, kwenye dirisha la kutolea akachagua *Zone sélectionnée*, yaani kipande kilichowekewa alama tu, akabonyeza. Kugeuza kwenda webm ni kazi ya subira, na kompyuta yake ilikuwa na umri wa kupewa shikamoo. Ilipofika nusu, umeme ukakatika, na betri ile ilikuwa imekufa zamani. Uliporudi akafungua programu upya, akabonyeza upya, akaenda kupika. Hakuangalia kwamba programu, baada ya kuzimika ghafla, ilikuwa imerudia chaguo lake yenyewe: *Projet complet*, yaani faili zima. Ilichukua saa nne. Akasema ni uzee wa kompyuta.

Jana alipeleka flashi Kinindo. Leo saa tatu na nusu ujumbe ulikuwa umeingia kutoka kwa Sébastien, msimamizi wa mradi: *Madame, zote nane ziko en ligne. Félicitations!* Chini yake kulikuwa na lien, kiungo cha kuzifungulia mtandaoni. Alikuwa ameusoma akiwa amesimama jikoni, na alitabasamu peke yake.

Sasa alimpigia Sébastien. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena.

* * *

Bibi Sikuzani alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mama Anouar, we unaenda wapi na jua hili?"

"Kinindo, Mama. Kuna karatasi wanataka nisaini."

"Si walisema wameshamaliza?"

"Ni ya mwisho."

"Bon. Usaini vizuri. Usiwe unaitika *oui, oui* kwa kila kitu, wale watu wanaandika mengi." Akatupa jiwe dogo kando. "Na uwaulize sauti yangu imetoka namna gani. Ile siku nilikuwa na mafua."

"Imetoka vizuri, Mama. Vizuri kabisa."

Saliha akatoka haraka kabla uso wake haujasomwa. Uongo wa kwanza alikuwa ameusema kabla hajavuka hata kizingiti, na kwa mtu aliyemlea kama binti yake. Alijisikia vibaya, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Kituoni watu walikuwa wamejipanga mstari mrefu hadi kwenye kona. Mafuta yalikuwa yameadimika tena, na tangu asubuhi basi la kusini lilikuwa limekuja mara moja tu. Alisimama dakika tano, kila dakika akiiona kama saa, akatoka kwenye mstari akaanza kutembea. Alivuka mjini, akashika barabara ya kusini, akapita daraja la Muha kandambili zimejaa vumbi, huku anapiga simu isiyopokelewa.

Njia nzima alikuwa anamfikiria Waridi. Mwaka jana, mke mmoja wa avenue ya tisa alirudishwa kwao miezi miwili kwa sababu ya picha moja tu, bega lake likionekana kwenye simu ya shemeji. Picha moja, tena imesimama. Huyu Waridi alikuwa anatembea, anazunguka, anacheka. Na Tajudini hakuwa mtu wa kelele. Afadhali angekuwa wa kelele, Saliha aliwaza, maana wa kelele humalizia mdomoni.

* * *

Mlinzi wa getini alimtazama kuanzia kandambili kwenda juu.

"Uri nde?"

"Mi ni Saliha, wa video. Niko namutaka Monsieur Sébastien."

"Una rendez-vous? Anakungoja?"

"Apana, lakini ni haraka."

"Kila mutu ana haraka. Rindira hapo, ungoje."

Kivuli kilikuwa kimoja na ndani yake kulikuwa na kiti cha mlinzi. Saliha akasimama juani. Gari jeupe likaja, likafunguliwa geti bila kuulizwa chochote. Kupitia uwazi ule alimwona Sébastien barandani na kikombe cha kahawa, akamwita kwa nguvu zaidi ya alivyokusudia. Sébastien akampungia mkono kwa furaha, kama mtu anayesalimiwa na shabiki, akaingia ndani. Mlinzi akafunga geti. Ilipita karibu nusu saa ndipo alipoitwa.

"Madame Saliha! Artiste wetu!" Sébastien alisema, akivuta kiti. "Directeur mwenyewe amefurahi. Simu yangu iko kwa chaji, samahani, nimeona umepiga sana."

"Monsieur, ile ya nane. Uitoe."

"Niitoe? Pourquoi?"

"Ina makosa."

"Ya sauti? Mi nimeangalia dakika mbili za mwanzo, iko parfaite."

Dakika mbili za mwanzo. Saliha alimshukuru Mungu kwa uvivu wa watu wa ofisi.

"Siyo mwanzo. Imepita mwisho wake. Kuna vitu nyuma havikutakiwa kutoka."

"Vitu gani?"

Saliha akageuzia uso dirishani. Sébastien akacheka kidogo, cheko la kumtoa mtu wasiwasi. "Madame, kutoa kitu mu archive siyo kuanua nguo kwenye kamba. Kuna formulaire. Naandika sababu, na sababu lazima niione kwa macho yangu, ndo nasaini. C'est le règlement, sheria ya ofisi." Mkono wake ukaenda kwenye kompyuta. "Tuangalie pamoja, ni dakika tu."

Saliha aliinuka, akakamata ncha ya mtandio wake, akaitandaza juu ya kioo cha kompyuta ya ofisi. Hakujua kama angethubutu mpaka alipoona ameshafanya.

"Usifungue."

"Madame!"

"Ni wanawake. Hawakujifunika. Ukiwaangalia ili uwatoe, utakuwa umewaangalia."

"Mi ni baba ya watoto wanne, madame. Mi siyo kijana wa barabarani."

"Najua, Monsieur. Nisamehe. Hata kama."

Uso wa Sébastien ulikuwa umebadilika. Alikuwa mtu mzuri, na hakuna anayeudhika haraka kama mtu mzuri aliyetiliwa shaka. "Basi itabaki pale ilipo," alisema. "Bila kuona, sisaini."

"Hapa hakuna mwanamke wa kuangalia?"

"Comptable, yule mama wa mahesabu, yuko congé, likizo. Iko Lisette peke yake, na Lisette ni wa usafi."

Lisette alikuwa koridoni na ndoo yake, mama wa makamo kutoka Uvira, na kwa jinsi ufagio wake ulivyokuwa umetulia, alikuwa amesikia yote. "Wa usafi ana macho," alisema, akijipangusa mikono kwenye kitenge. "Monsieur, utoke kidogo kwa kiti."

Ikawa hivyo. Sébastien akasimama dirishani, mgongo kwao, mikono nyuma, anaangalia vyungu vya maua. Lisette akakaa kwenye kiti chake, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akauliza abonyeze wapi. Mwanzoni alitabasamu, akatikisa kichwa kwa dufu. Kisha tabasamu likaisha. Akavua vile vya masikioni taratibu.

"Hawa wamama walijua?"

"Walijua kamera yangu. Hii hawakujua."

"Monsieur Sébastien," Lisette akasema, "sababu nimeiona. Andika."

"Niandike nini?"

"Andika Lisette ameiona. Kama dada yangu angekuwa pale, mi ningevunja hii machine na ufagio, ungenifukuza kazi baadaye."

Sébastien aliandika. Kwenye fomu palikuwa na kijisanduku cha kosa la aliyeleta kazi, akakitia alama, akamwonyesha Saliha mahali pa kusaini, na akamwambia kwa upole kwamba malipo ya nyimbo zote nane yatasubiri mpaka ya nane iletwe upya. Saliha alisaini bila kusoma. Siku hiyo hata angepewa fomu ya kuuza paa la nyumba angesaini.

"Voilà. Imetoka." Kisha Sébastien akasogea karibu na kioo. "Mais... imeshachukuliwa mara tatu."

"Kuchukuliwa namna gani?"

"Watu wameishusha. Ndo maana ya hii format, madame. Haina kufuli. Ukishaishusha, ni yako, simu yoyote inaifungua." Akavuta orodha. "Moja ni mi mwenyewe, hii nafuta sasa hivi, unaona? Ya pili ni machine ya Directeur, ya kuhifadhi tu, hata hajaifungua, nitaifuta pia. Ya tatu..." Akakunja uso. "Ya tatu ni simu. Hapa hapa Bujumbura. Saa nne na dakika kumi."

"Simu ya nani?"

"Haisemi. Lakini lien bado haijatangazwa. Nilitumia we peke yako."

Saliha alibaki amesimama. Asubuhi ile, chai ikiwa bado ya moto, alikuwa ameituma lien ile kwa mtu mmoja tu, mumewe, na maneno mawili chini yake: *Msikilize Mama.*

Akampigia Radjabu. Simu ya Radjabu ilikuwa imezimwa, na Radjabu hakuwa mtu wa kuzima simu.

* * *

Alipanda teksi bila kuuliza bei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Kwenye garage alikofanya kazi Radjabu, siku nyingine, angepokelewa kwa utani tangu mbali: Mama Anouar, tupige picha basi, au sisi hatuna sura? Leo hakuna aliyetania. Mafundi walimwona, na kila mmoja akapata bolti ya kushughulikia. Mmoja alijifanya kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Saliha alipita katikati ya ule ukimya, miguu mizito, na kabla hajafika kwa mumewe alikuwa ameshajua.

Radjabu alimvuta nyuma ya ukuta wa matairi.

"Simu iko wapi?"

"Nimeizima. Nimefuta kila kitu, Saliha, wallahi."

"Nani ameona?"

Radjabu alifuta uso kwa mkono wenye mafuta, akajichafua zaidi. "Nilifurahi, unaelewa? Mama yangu, mu mtandao, anaimba. Nikaweka simu juu ya boneti, nikaita wote. Njooni musikilize mama yangu. Wakaja mpaka wa garage ya jirani. Wakatulia kimya. Muzee Abdu alilia, alisema mara ya mwisho kumsikia mama yake, alikuwa anaimba wimbo ule."

"Halafu?"

"Halafu mwenye gari akaja, anataka gari yake. Nikaingia chini ya gari."

"Ukaacha simu."

"Nilijua ni wimbo! Nasikia dufu, nasikia vigelegele, najua ni wimbo unaendelea." Sauti yake ilipasuka kidogo. "Ni mi nilikuwa chini ya gari, Saliha. Mi sikuona hata kitu."

"Dakika ngapi?"

"Sijui. Nilisikia Muzee Abdu anapiga kelele, zimeni hicho kitu, nyinyi hamuna mama? Hakuna aliyezima. Ni yeye alikuja kuzima."

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Tajudini?"

Radjabu alitazama kona ya Tajudini. Palikuwa na giaboksi iliyofunguliwa, meno yake yamepangwa juu ya gunia, na spana imelala kando.

"Ameenda nyumbani," alisema mwishowe. "Hakunawa hata mikono."

Saliha akaegemea matairi. Alitaka kumpiga mumewe, na alitaka kumkumbatia, na hakufanya hata moja kwa sababu watu walikuwa wanatazama bila kutazama.

"Sikiliza," Radjabu alinong'ona. "Tuseme ni wale wa Kinindo. Tuliwapa flashi ya nyimbo, wakaiba na zingine. Nani atabisha? Nani hapa amewahi kwenda Kinindo kuuliza?"

"Na we ulivyoonyesha watu?"

"Mi nilifungua kile walichonipa. Saliha, fikiri. Ukisema ni we, nani atakufungulia mlango tena? Jumamosi una harusi. Mwezi ujao una mbili. Na mimi hapa nitaangaliana vipi na Tajudini kila siku?"

Ulikuwa uongo mzuri, wenye afya, usiohitaji hata kusukumwa. Saliha aliugeuza kichwani akakuta hauna pengo. Alitoka pale bila kumjibu mumewe, na hakuujibu moyo wake pia.

* * *

Bibi Sikuzani alikuwa amemaliza kuswali Alasiri, bado amekaa juu ya msala. Saliha alipiga magoti mbele yake, akaeleza. Hakuficha dakika, hakuficha garage, hakuficha idadi ya wanaume. Alipomaliza, bibi alikunja kona ya msala, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nani amefanya?"

"Mama, umeme ulikatika, halafu kompyuta..."

"Nimeuliza nani. Sikuuliza nini."

"Ni mi, Mama."

Bibi Sikuzani akavuta pumzi. "Nilienda nyumba kumi na moja," alisema. "Kila nyumba walinipa chai. Nikaapa kwa jina la marehemu baba yake Radjabu, Mungu amrehemu, mutu ambaye akiwa hai hakuapa ovyo." Akainuka kwa shida, akachukua mtandio wake mweusi, ule wa misibani. "Viatu vyangu viko wapi?"

"Mama, mi nitaenda peke yangu. Usijisumbue na miguu yako."

"We utakwenda na kosa lako. Mi ninakwenda na kiapo changu. Kila mutu abebe mzigo wake."

Walipoikaribia nyumba ya Tajudini, bibi akapunguza mwendo.

"Mutoto wangu amekwambia useme ni wa Kinindo?"

Saliha alishtuka. "Ndiyo, Mama."

"Namjua. Tangu mudogo akivunja kikombe, anasema ni paka." Akatembea hatua mbili tatu. "Na we utasema hivyo?"

"Sijui, Mama," Saliha alisema, na lilikuwa neno la kweli.

Tajudini ndiye aliyefungua mlango. Mikono yake ilikuwa bado na grisi, imekauka mpaka kwenye viwiko. Hakupiga kelele. Alisema karibuni kama mtu anayewakaribisha waliokuja kutoa pole, akawapisha.

Waridi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya mume wake mwenyewe, alikuwa amejifunika mtandio mpaka kidevuni, na ameubana kwa pini.

"Shikamoo, Bibi," Waridi alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Tajudini hakukaa. "Bibi, mi sitaki kukukosea heshima," alisema. "Lakini niambie. Miaka tisa niko na huyu mwanamke. Nalala naye, nakula naye, amenizalia. Sijamwona anacheka hivi hata siku moja. Hata siku moja, Bibi! Mara ya kwanza naona, naona pamoja na wanaume kumi na watatu, juu ya boneti." Aliitazama mikono yake. "Sasa mi nimkasirikie nani? Hapo ndo nashindwa. Tangu asubuhi namuuliza, hasemi."

Bibi Sikuzani alitaka kuongea, lakini Waridi alimtangulia. Alikuwa anamwangalia Saliha, mara ya kwanza tangu waingie.

"Ni wale wa Kinindo, siyo?" aliuliza. "Walikuibia. Niambie tu walikuibia, Saliha."

Sauti ilikuwa ndogo na ilikuwa inaomba. Saliha akaelewa anachoombwa. Kama ni wezi, basi ni wezi, watu wasiojulikana, wa mbali. Mtu akiibiwa hulia na jirani yake. Uongo wa Radjabu ulikuwa umemfuata mpaka humu, na sasa ulikuwa umevaa sura ya huruma. Angeutoa, wote mle ndani wangepumua. Jumamosi angeingia harusini. Waridi mwenyewe angemshika mkono wakalia pamoja.

Saliha alimgeukia Waridi.

"Apana," alisema. "Hawakuiba. Ni mi. Umeme ulikatika, nikaanza upya, sikuangalia. Halafu nikapeleka. Halafu nikamutumia Radjabu. Yote ni mi."

Tajudini aliinua kichwa. Waridi alimtazama Saliha, macho makavu, kama anayejaribu kumkumbuka alikutana naye wapi.

"Mi sichezi," alisema hatimaye. "Muulize yeyote. Hata harusi yangu mwenyewe sikucheza, nilikaa tu, naona haya. Ile siku kwa Zubeda walinivuta, nikakataa, nikakataa. Halafu nikageuka, nikaona ni we umeshika kamera. Nikasema, ah, ni Saliha." Akavuta mtandio karibu zaidi. "Nilicheza sababu ilikuwa ni we."

Saliha aliinamisha kichwa. Alisikia Bibi Sikuzani akiomba msamaha kwa jina la marehemu, akasikia Tajudini akijibu kwa heshima kwamba amesikia. Kusamehe hakuna aliyesema. Waridi aliwasindikiza kwa macho mpaka mlangoni, na mlango ulipofungwa, komeo lilitiwa kutoka ndani.

Nje jua lilikuwa bado kali. Wanawake wawili waliokuwa wanateka maji bombani waliwaona, wakainamisha vichwa juu ya madumu yao.

"Zimebaki kumi," Bibi Sikuzani alisema. Alikuwa anahema. "Unaweza?"

Nyumba ya kina Zubeda ilikuwa ya tatu kushoto, mlango umefungwa mchana kweupe, na nyuma yake sauti za wanawake wengi zilikuwa zinaongea kwa pamoja. Saliha alimtangulia mama mkwe wake, akafika kizingitini, akagonga.

"Hodi," alisema. "Ni mi, Saliha."

Ndani, wote wakanyamaza.